Ujuzi wa Kazi: Mchubuko wa Rimu si Ufa wa Rimu



Somo letu la leo linahusu gurudumu la gari. Najua wengine watasema, "Mimi sina gari, hili lanihusu nini?" Subiri kidogo. Wewe ni abiria. Viazi vyako vinapakiwa garini, na parachichi zako vilevile. Vijana wetu wengi sasa wanaendesha Noah na kirikuu katika barabara ya Njombe na Makambako. Gurudumu likivunjika, halichagui mwenye gari na asiye na gari.

Kwanza tuelewane maneno. Gurudumu lina tairi na rimu. Tairi ni mpira. Rimu ni ile ringi ya madini ambayo tairi hukaa juu yake, nayo imefungwa kwa nati kwenye gari. Rimu ziko za aina mbili. Ziko za chuma, mara nyingi nyeusi na zina matundu madogo. Tena ziko za alminiamu, zinazong'aa na zenye mikono kama ya nyota. Hizi watu wanaziita rimu za sporti. Kama hujui yako ni ya aina gani, chukua sumaku ya redio mbovu uiguse. Ikinasa ni chuma. Isiponasa ni alminiamu. Magari mengi tunayonunua yametumika kwanza Japani, na mengi yanakuja na rimu za sporti.

Sasa sikilizeni yaliyotokea. Mama mmoja, mhitimu wa kisomo na mkulima wa viazi, alinunua Noah kuukuu kwa kushirikiana na ndugu zake. Dereva ni kijana wa kaka yake. Jioni moja kijana akarudi ameinamisha kichwa.

"Shangazi, nimekwangua rimu. Nilikuwa naegesha pale mjini Njombe, nikasugua ukingo wa barabara."

Mama akachukua tochi. Magurudumu mawili ya kushoto, la mbele na la nyuma, yalikuwa yamechubuka kwenye midomo ya rimu. La mbele lilichubuka karibu shubiri moja. Kijana alikuwa amekwisha kuongea na fundi wa kando ya barabara. Fundi alisema atapasha rimu moto kwa gesi, atajaza palipolika, atapiga rangi, na jioni gari litakuwa kazini. Bei ilikuwa ndogo.

Mama akasema, "Ngoja kwanza, baba. Nataka kujua ninacholipia."

Akaja darasani kuuliza. Mimi ni mwalimu wa chuo cha ualimu, si fundi. Nikamwambia kweli, kwamba sijui. Tukaenda wote kwa mtu anayefundisha vijana ufundi wa magari, na haya ninayoandika hapa nimeyaona kwake kwa macho yangu, mengine nimeyasoma baadaye.

Jambo la kwanza alilotuambia ni hili: msiangalie rangi kwanza. Rimu iliyogonga ukingo inaweza kupata madhara matatu. Inaweza kuchubuka, inaweza kupinda, inaweza kupasuka. Kuchubuka ni jambo la sura tu. Zege lina mchanga na kokoto, ni gumu kuliko alminiamu, basi hulikwangua kama jiwe linavyokwangua kisu. Kupinda na kupasuka ni mambo ya uhai. Na huwezi kuyajua bila kulitoa gurudumu.

Kulitoa kuna utaratibu. Egesha mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka mawe mbele na nyuma ya gurudumu la upande wa pili. Legeza nati kidogo gari likiwa bado chini. Ndipo upige jeki. Gari likishainuka, weka gogo imara chini yake. Usiweke matofali, maana tofali hupasuka ghafla. Hapa kwetu magogo hayakosekani! Wala usiingize mwili chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Gurudumu la mbele likatolewa, likaoshwa kwa maji na sabuni. Fundi akatuambia tusipulize lile vumbi jeusi la breki kwa mdomo, kwa kuwa baadhi ya breki za zamani zina asbesto, nayo hudhuru mapafu. Lioshe kwa maji.

Kisha akaligeuza. Upande wa ndani, ambao hakuna anayeutazama, ulikuwa umejaa tope. Akasugua. Akajaza upepo, akapaka povu la sabuni pande zote, tukangoja. Baada ya muda mfupi povu likaanza kutoa vipovu vidogo mahali pamoja, kwenye mdomo wa ndani. Akapafuta, akaleta tochi. Palikuwa na mstari mwembamba kama unywele, urefu wa kidole. Huo ulikuwa ufa.

Haukuwa upande wa mchubuko! Ulikuwa upande wa pili kabisa. Fundi akamwuliza kijana kama aliwahi kuingia shimo kwa kishindo. Kijana akakumbuka. Ilikuwa majuma kadhaa nyuma, usiku, gari limejaa. Tangu hapo tairi lile lilikuwa linapungua upepo kidogo kidogo, naye alikuwa analijaza kila asubuhi akidhani ni pancha ndogo.

Mama hakusema neno kwa muda. Mimi nami nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa nimepanda gari lile siku tatu kabla, nimekaa kiti cha mbele.

Basi, ndugu msomaji, kama tairi lako linapungua upepo kila siku na fundi pancha haoni tundu, mwambie atazame rimu, hasa mdomo wa ndani. Ufa mdogo hukua. Kila gurudumu linapozunguka chini ya mzigo, ufa unafunguka na kufunga kidogo, na kila mara unasogea mbele. Halafu siku moja mdomo unamegeka, upepo unatoka wote kwa mara moja, na dereva hawezi tena kuliongoza gari.

Ziko njia nyingine za kukagua. Gurudumu likiwa limeinuliwa, shika kijiti kimesimama karibu sana na mdomo wa rimu bila kugusa, kisha zungusha taratibu. Nafasi kati ya kijiti na rimu ikipanuka na kupungua kwa zaidi ya milimita 1 au 2, rimu imepinda. Wazee wa kazi pia hugonga rimu kwa nyundo ndogo na kusikiliza mlio, kama mama anavyogonga chungu sokoni kabla ya kukinunua. Katika reli za nchi nyingi palikuwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kugonga magurudumu ya mabehewa hivyohivyo. Lakini mlio mzuri peke yake usikudanganye. Povu na tochi ni mashahidi wazuri zaidi.

Sasa turudi kwa yule fundi wa gesi. Kwa nini moto ni hatari kwa rimu ya sporti?

Rimu hii haikufanywa kwa alminiamu tupu, maana alminiamu tupu ni laini. Imechanganywa na silikoni, na mara nyingi magnesi kidogo. Zilizo nyingi baada ya kumiminwa kiwandani hupashwa moto mkali kwa saa kadhaa, hutumbukizwa majini, kisha hupashwa tena kwa moto mdogo. Kazi hiyo ndiyo inayoipa rimu nguvu. Ukija na gesi yako ukaipasha tena zaidi ya nyuzi 200, unaanza kuivunja kazi ile. Rimu itabaki na sura yake, itang'aa, lakini pale ulipoichoma imekuwa laini.

Na kuna mtego mwingine. Chuma kikipata moto hubadilika rangi. Huwa chekundu, na fundi huona. Alminiamu haigeuki nyekundu kwa namna ya kumwonya mtu. Inakaa vilevile, halafu ghafla inaporomoka kama siagi. Alminiamu tupu huyeyuka kwenye nyuzi 660, na mchanganyiko wa rimu huanza kuyeyuka hata kabla ya hapo. Kwa hiyo mtu anayepasha kwa kukisia kwa macho hajui yuko wapi.

Viko viwanda vyenye vipimo na mitambo ya kunyoosha rimu. Mimi sizungumzii hao. Nazungumzia moto wa kando ya barabara. Rimu ya sporti yenye ufa, usiichomelee. Itoe kazini. Iuze kwa wanaonunua chuma chakavu, lakini itoboe au ikate kwanza, asije mtu akaipaka rangi na kumwuzia mwenzako.

Na hili naliandika kwa madereva wa malori pale Makambako, na ninaomba wahitimu wetu wawasomee wenzao. Usichomelee rimu yoyote, iwe ya chuma au ya alminiamu, tairi likiwa bado juu yake. Hata kama umetoa upepo. Joto huchemsha mpira kwa ndani, hutoa gesi, na gesi hiyo inaweza kulipuka kama bomu. Watu wamekufa hivyo katika nchi nyingi. Toa tairi kabisa kwanza. Vilevile rimu za malori zenye ringi ya kufungia, usisimame mbele yake unapojaza upepo. Ringi ikiruka, hakuna mkono wa kuizuia.

Rimu ya mbele ya mama ilikuwa imekwisha. Ikabidi kutafuta nyingine iliyotumika, na hapa kisomo kikamsaidia. Rimu imeandikwa. Geuza uitazame nyuma, na sehemu ya kati, utaona namba zilizochorwa katika madini yenyewe. Hii yao ilisomeka 15 x 6J. Maana yake kipenyo cha rimu, pale tairi linapokaa, ni inchi 15, na upana wake kati ya midomo miwili ni inchi 6. Namba nyingine muhimu ni 5 x 114.3. Maana yake nati ni 5, na duara linalopita katikati ya matundu ya nati lina milimita 114.3. Namba hii si kila rimu inaionyesha. Kama haipo, hesabu nati na upime duara. Ukiona herufi ET na namba, hiyo yaeleza rimu inakaa ndani au nje kiasi gani. Ikitofautiana sana, tairi litasugua mwili wa gari. Herufi JWL ni alama ya rimu za alminiamu zilizotengenezwa kufuata kanuni za Japani.

Mama aliandika zote katika daftari lake, akaenda nalo Makambako. Muuzaji akamletea rimu nzuri inayong'aa, akasema, "Hii inaingia bila shida, mama." Mama akavaa miwani, akaigeuza. Ilikuwa 5 x 100. Akairudisha. Kutoka Makambako hadi Njombe ni kilomita kama 60. Angegundua kosa nyumbani, angelipa nauli mara mbili na kupoteza siku. Aliipata inayofaa siku hiyohiyo, lakini hakulipa mpaka alipoikagua kwa tochi ndani na nje.

Angalia pia nati. Rimu nyingine hutaka nati yenye kichwa cha koni, nyingine hutaka nati yenye wasa bapa. Nati isiyolingana na tundu lake italegea njiani hata ukiikaza namna gani.

Imebaki rimu ya nyuma. Hiyo ilikaguliwa, haikuwa na ufa wala haikupinda. Ilichubuka tu. Hii ndiyo inayotengenezwa nyumbani, na kijana aliitengeneza mwenyewe Jumamosi moja, mimi nikiwa nimekaa kwenye gogo natazama na kuandika.

Aliiosha tena, akaikausha, akaifuta kwa kitambaa chenye tina ili mafuta yatoke. Usivute sigara karibu, na jiko liwe mbali. Akapunguza upepo wa tairi, akachomeka vipande vya karatasi ngumu ya boksi kati ya mdomo wa rimu na mpira, kuzunguka pande zote. Akafunika tairi kwa magazeti. (Gazeti hili nalo linafaa, ila lisome kwanza.)

Palikuwa na ncha kali zilizoinuka. Akazilaza kwa tupa laini, polepole, akifuata mviringo wa rimu. Hapa vijana wengi wanaharibu. Wanataka mchubuko wote uishe kwa tupa, wanakula rimu yenyewe. Ondoa ncha tu. Kama shimo lina kina cha zaidi ya milimita 1 hivi, usilifukuzie kwa tupa. Tena usiguse kabisa pale tairi linapokaa na kuziba upepo.

Kisha msasa. Msasa una namba nyuma yake. Namba ndogo ni mkwaruzo mkubwa, namba kubwa ni laini. Alianza na 240, akaenda 400, akamaliza na 800 akitumia maji. Sugua hata rangi nzima iliyo jirani kidogo, ili mpaka kati ya rangi na madini usishikike kwa kucha. Funga kitambaa puani na mdomoni. Mashimo madogo yaliyobaki aliyajaza kwa puti ya gari iliyochanganywa na dawa yake ya kukausha. Changanya kidogo kidogo kwa maana hukauka upesi. Puti ni ya kujaza sura. Haina nguvu ya kushika rimu, na haiwezi kuziba ufa. Mtu akificha ufa kwa puti na rangi, anawadanganya abiria wake.

Puti ikikauka, sugua tena, osha, kausha, futa kwa tina. Halafu rangi ya msingi inayofaa alminiamu, halafu rangi yenyewe, halafu vanishi. Dukani viko makopo ya kupuliza. Tikisa kopo vizuri, pulizia ukiwa mbali kama shubiri moja na nusu, mkono usisimame mahali pamoja. Piga mara mbili au tatu nyepesi, ukingoja dakika 10 hadi 15 kati yake. Mara moja nzito itachuruzika.

Sasa, maelekezo ya kopo hayaijui Njombe. Rangi hizi hazipendi baridi wala unyevu. Mwezi wa sita na wa saba, asubuhi yenye ukungu, vanishi hugeuka nyeupe kama maziwa na haikauki. Ngoja jua la mchana, anika rimu kwanza ipate joto la jua, lakini usiyaweke makopo juani wala karibu na moto kamwe. Walio Makambako wana adui mwingine, yaani upepo na vumbi lake. Mwagia maji uwanja kabla ya kupuliza, au tafuta mahali penye kinga lakini hewa inapita.

Usipake rangi ndani ya matundu ya nati, wala nyuma pale rimu inapogusana na gari. Rangi ile ikisagika, nati zinalegea.

Rimu ilikaa siku nzima ikikauka. Siku ya pili wakafunga. Nati usizikaze kwa kuzunguka kama mtu anayesuka ukili. Kaza moja, ruka uende ya upande wa pili, namna ya kuchora nyota, kwanza kwa mkono, kisha kwa spana gari likiwa limeshuka chini. Usiruke juu ya spana kwa miguu, utakata stadi. Na baada ya kilomita 50 hadi 100, kaza tena. Kwetu hesabu ni rahisi: ukifunga Njombe, kaza tena ukifika Makambako.

Kijana aliniuliza, "Mwalimu, rangi imelingana?" Nilimwambia kweli. Kwa karibu unaona tofauti kidogo. Kwa hatua tano huoni. Shangazi yake hakutazama rangi. Alikuwa anapaka povu la sabuni kwenye rimu nyingine mbili za upande wa kulia.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Tairi la gari la kijiji linapungua upepo kila asubuhi, na fundi pancha haoni tundu. Mtafanya nini kabla ya safari?

2. Kwa nini huwezi kutambua kwa macho kwamba rimu ya alminiamu imepata moto mwingi?

3. Tafuteni rimu moja, iwe juu ya gari au imetupwa. Ioshe, soma namba zake, ziandike daftarini. Ina nati ngapi? Inchi ngapi?

4. Tuseme rimu nzima iliyotumika inauzwa shilingi 60,000. Nauli ya kwenda Makambako na kurudi ni shilingi 10,000. Mtu amekosea namba, akalazimika kwenda mara ya pili kuibadilisha. Jumla ametumia kiasi gani? Kama asingekosea?

5. Gari lina magurudumu 4, kila moja lina nati 5. Dereva amekaza nati 18. Zimebaki ngapi?